Mimi samaki mkavu: wiki 12 za yoga kwa mwili usiokunjika

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeanza kukunjwa nikiwa na miaka 43, baada ya karibu miaka 20 ya kukaa kitini mbele ya kompyuta. Siku ya kwanza nilisimama, nikainama magoti yakiwa yamenyooka, nikamwomba mwanangu anipimie kwa tepu kutoka ncha za vidole vyangu hadi sakafuni. Sentimita 31. Mtoto akaniangalia, akauliza, "Baba, umeshaanza kuinama au bado?"

Nilichotumia ni kozi ya yoga ya video iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye miili migumu, pamoja na vifaa vyake: mkeka, matofali mawili na mkanda. Lakini lazima nianze na darasa lililoitangulia, maana bila hilo nisingeelewa uzuri wa hii.

Lilikuwa darasa la ana kwa ana, silitaji jina, lililotangazwa kuwa la "ngazi zote". Wenzangu wote walijikunja kama nguo iliyopigwa pasi. Tulipofika kwenye mkao wa kukaa na kuinamia miguu, mwalimu alikuja nyuma yangu, akaniwekea viganja mgongoni na kunisukuma "ili nizoee". Nikasikia kitu kikivutika chini kabisa ya tako, pale misuli ya nyuma ya paja inapojishikiza kwenye mfupa tunaokalia. Wiki tano nzima nilikuwa nakaa upande. Mtu yeyote akikusukuma kwenye yoga, mwambie aache. Huna deni naye.

Kozi hii ni ya wiki 12, vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja kama dakika 25. Kipindi cha kwanza nilidhani wamekosea, kwa sababu karibu chote ni kulala chali. Unapitisha mkanda kwenye unyayo wa mguu mmoja, unashika ncha zake kwa mikono miwili, unainua mguu taratibu mpaka pale unapovuta, kisha unabaki hapo ukipumua. Basi. Wangu uliinuka kidogo tu ukaanza kutetemeka kama waya wa gitaa. Mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukitetemeka, shusha. Ukishindwa kupumua kwa pua, shusha tena." Kwa mara ya kwanza nikaambiwa kwamba mahali nilipofika ndipo zoezi lilipo.

Ila kilichonifanya niandike yote haya ni magoti.

Miaka yote nilijua kugusa vidole vya miguu ni lazima magoti yanyooke, la sivyo ni udanganyifu. Mwalimu huyu anafundisha kinyume chake, na anaeleza kwa nini. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mfupa wa kukalia na kushuka mpaka chini ya goti. Ikiwa mifupi na migumu, ukinyoosha goti inaishikilia nyonga na kuizuia isizunguke mbele. Nyonga isipozunguka, kitu pekee kinachobaki cha kupinda ni mgongo, na mzigo wote unaenda kiunoni. Kunja magoti, hata kama ni kwingi, nyonga inapata nafasi na tumbo linalala juu ya mapaja. Kisha unaanza kunyoosha magoti kidogo kidogo, ukiacha tumbo liendelee kugusana na mapaja. Likiachana nayo, umepita kiasi, rudi.

Nilipojaribu hivyo, mvuto uliondoka kiunoni na kuhamia katikati ya paja, kwenye nyama yenyewe, mahali unapotakiwa kuwa. Nimewahi kufanya mazoezi ya kujinyoosha kabla ya kukimbia kwa miaka, na kumbe muda wote huo nilikuwa navuta mgongo. Ilinikera kidogo, nakiri.

Kanuni nyingine waliyoirudia mpaka nikaikariri: mvuto katikati ya msuli ni sawa, maumivu kwenye kiungo, au ganzi na mchomo unaoteremka mguuni, si sawa, acha. Ule mchomo mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaovutwa, na mshipa wa fahamu haupendi kubembelezwa kwa nguvu.

Matofali niliyaona kama magongo ya wasiojiweza. Ni mepesi, ya sponji ngumu, kama sentimita 23 kwa 15 kwa 10, na unaweza kuyalaza, kuyaweka ubavuni au kuyasimamisha. Ukiinama na mkono haufiki sakafuni, unaiinua sakafu. Baadaye nikasoma kwamba aliyeyaeneza zaidi matumizi ya matofali na mikanda kwenye yoga ni mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014. Utotoni aliugua kifua kikuu, malaria na homa ya matumbo, na alipofika kwa shemeji yake Krishnamacharya kujifunza yoga alikuwa kijana dhaifu. Basi nikaacha kuona aibu. Mwanzoni niliyasimamisha yote mawili, wiki ya 9 nikayaweka ubavuni, na hapo ndipo nilipo hadi leo.

Kukaa kwa kukunja miguu ni habari nyingine. Magoti yangu yalisimama juu kuliko kitovu. Dawa yake ni kukalia blanketi lililokunjwa mara nne, ili nyonga ziwe juu ya magoti. Ukihisi goti linauma, tatizo mara nyingi ni nyonga ngumu, na goti ndilo linalolipishwa.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Kuna mkao unaoitwa mbwa anayejinyoosha: mikono na miguu chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia. Ukiwa hapo unachokiona ni kitovu chako na fulana inayokushukia usoni. Simu ninayofuatia video iko mbele, mimi natazama nyuma. Mwalimu anasema "fanya kama mimi", na mimi nachungulia katikati ya miguu yangu kama mtoto anayecheza kibe. Waliotengeneza video walipaswa kuieleza mikao hiyo yote kwa maneno. Wamefanya hivyo nusu tu. Nilichofanya ni kutazama kila kipindi mara moja nikiwa nimekaa kitini, ndipo nikafanya.

Pia wiki ya 7 inaruka ghafla. Jana ulikuwa unalala na mkanda, leo unatakiwa kusimama mguu mmoja huku ukizungusha kiuno. Na hawakusema chochote kuhusu viganja na vifundo vya mikono, ilhali kwa sisi tunaochapa siku nzima ndivyo vinavyoanza kulalamika. Nikagundua mwenyewe kwamba nikitandaza vidole na kukandamiza kwa ncha zake, badala ya kuegemea kisigino cha kiganja, maumivu yanapungua.

Mkeka: wa kwanza nilinunua mwenyewe kabla ya kozi, mnene milimita 10, laini kama godoro. Kosa. Ukisimama mguu mmoja juu yake unayumba kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Uliokuja na kozi ni wa milimita 4, mgumu kidogo, haukimbii mikono ikitoka jasho. Goti likiuma naukunja mara mbili chini yake. Siku tatu za mwanzo ulinuka mpira. Niliuning'iniza dirishani, harufu ikaisha. Urefu wake ni sentimita 173, na mimi visigino vinabaki nje nikilala, lakini hilo halijanizuia kulala usingizi kwenye mkao wa maiti wa mwishoni. Mara mbili nimeamshwa na matangazo.

Matokeo: wiki ya 12 tepu ilisoma sentimita 16. Sijagusa chini. Mwalimu anasema sehemu kubwa ya nafuu ya wiki za mwanzo inatokana na ubongo kuzoea mvuto na kuacha kuuogopa, zaidi ya msuli wenyewe kurefuka, na naamini hivyo, kwa sababu nikikosa vipindi vitatu mfululizo karibu kila kitu kinarudi. Nilichopata kisichopimika kwa tepu ni kufunga kamba za viatu nikiwa nimesimama bila kubana pumzi, na kugeuka ninaporudisha gari nyuma bila kugeuza kiti kizima pamoja nami.

Kama tayari unagusa vidole vya miguu, kozi hii itakuchosha kwa upole wake, tafuta nyingine. Kama una maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, muone daktari kwanza. Mimi nimerudi wiki ya 5, naipanda tena ile wiki ya 7 polepole. Mguu wa kushoto bado uko nyuma ya wa kulia karibu shibiri nzima, na mwanangu ameshaomba akabidhiwe tepu rasmi.