Trekta la Farasi Ngapi kwa Shamba Dogo? Chaguo Sita, Kuanzia la Kwanza Hadi la Mwisho

Muuzaji wa matrekta huanza na swali moja: una ekari ngapi? Ukimtajia ekari, naye anakutajia farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini ekari hazisemi kazi. Mwenye ekari tano za malisho na njia ya matope ya kufikia nyumbani anahitaji mashine moja, mwenye ekari tano za mboga kwenye matuta anahitaji nyingine, na mwenye ekari tano za miti ya matunda iliyobanana hawezi hata kuingiza trekta la yule wa kwanza.

Mimi naanzia kwingine: ni kazi gani itakayokutoa nje kila wiki? Kufyeka, kusomba samadi, kuvuta tela la maji, kusawazisha njia. Hiyo ndiyo inunuliwe trekta. Kulima ni kazi ya mara moja au mbili kwa mwaka, ikodishie. Mwenye trekta la farasi 75 atamaliza shamba lako kwa siku moja na kuondoka na uchakavu wake, nawe hutabaki na mtambo mkubwa unaolala bandani karibu mwaka mzima. Mpangilio wa hapa chini umefuata mtazamo huo, kwa mashamba ya ekari 2 hadi 25 hivi, yaani hekta 1 hadi 10.

Mambo matatu kabla ya kuangalia rangi

Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini. Inayofanya kazi ni ile inayofika kwenye PTO, shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kufyeka, rotaveta (mashine ya visu vya kutifua udongo) au pampu. Njiani gia na haidroli hula sehemu yake, hivyo trekta la farasi 25 hubakiza kama 18 hadi 21 kwenye shafti, na lile lisilo na gia za kubadilisha, linaloendeshwa kwa msukumo wa mafuta ya haidroli, huangukia upande wa chini wa kiwango hicho. Kwa mashine ya kufyeka, hesabu ya mkato ni farasi 5 za PTO kwa kila futi ya upana. Mashine ya futi 5 (mita 1.5) inataka 25 kwenye shafti, yaani injini ya 30 na kidogo. Nyasi zikiwa laini unaweza kuponea na pungufu ya hapo, ila vichaka vitakuumbua. Na upana wenyewe usichaguliwe ovyo: kifaa lazima kifunike nyayo za tairi za nyuma, la sivyo rotaveta itatifua katikati huku tairi zikikandamiza pembeni kila upitapo.

Muda wa kazi nao unahesabika kwenye karatasi. Zidisha upana kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10, kisha toa sehemu moja kati ya tano ya kugeuka na kupishana. Mashine ya mita 1.5 ikienda kilomita 5 kwa saa inatoa hekta 0.6 kwa saa, ekari moja na nusu. Ekari sita zinaisha kwa saa nne. Anayekushawishi kuchukua ya mita 2, pamoja na trekta kubwa la kuizungusha, anakuuzia saa moja tu ya nafuu.

Jambo la pili ni uzito, na hapa wanunuzi wengi hupotea. Kwenye udongo wa shamba, trekta huweza kuvuta kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya uzito uliokaa juu ya tairi zinazosukuma. Ukizidisha hapo tairi zinazunguka bure, hata injini iwe na farasi mia. Harry Ferguson, mhandisi na mtengenezaji wa matrekta, alilielewa hili mapema. Trekta lake la TE20, lililotengenezwa kati ya 1946 na 1956 kwa idadi inayozidi 500,000, halikufikisha farasi 30, lakini lililima. Siri ilikuwa mikono mitatu ya nyuma: badala ya plau kuburutwa kwa mnyororo, ilishikwa na trekta lenyewe, na nguvu ya udongo kuivuta plau ikageuka kuwa uzito unaokandamiza tairi za nyuma. Mikono hiyo ndiyo unayoiona leo nyuma ya karibu kila trekta dogo.

Kujua kama trekta ni jepesi mno kwa kazi yako, chukua chaki. Weka alama kwenye ubavu wa tairi la nyuma, endesha kifaa kikiwa kimeinuliwa mpaka tairi lizunguke mara 10, na chomeka kijiti mwanzo na mwisho wa umbali huo. Rudi, shusha kifaa, pita palepale ukifanya kazi huku mwenzako akihesabu. Mizunguko 11 ni sawa, tairi linateleza kama asilimia 9. Ikifika 12 umeshavuka asilimia 15, mafuta yanateketea bure: ongeza vyuma vya uzito au maji kwenye tairi, au punguza upana wa kifaa. Isipozidi kabisa 10 kwenye kazi ya kuvuta, basi umebeba uzito usiouhitaji, na uzito huo udongo ukiwa mbichi unaugandamiza chini ambako jembe halifiki.

La tatu ni pini. Mikono ya nyuma huja kwa madaraja: daraja la 1 lina pini za chini za milimita 22, daraja la 2 za milimita 28. Lipo na daraja la 0 kwenye mashine ndogo sana, na vifaa vyake ni vya kuwinda. Nunua daraja la 1 na kuendelea, kwani vifaa vilivyotumika vya kipimo hicho ndivyo vinavyopatikana kirahisi zaidi.

1. Farasi 35 hadi 45, likivuta kwa tairi zote nne

Kwa shamba la kazi mchanganyiko, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Lina uzito wa kutosha kuvuta, kwa kawaida kati ya tani moja na nusu na mbili ukishalifunga kijiko cha mbele, na bado linapita kwenye geti la mita mbili na nusu bila dereva kushika pumzi. Linazungusha mashine ya kufyeka ya futi 5 au 6, linabeba rotaveta ya mita 1.5, na kwenye udongo wa kati plau ya diski mbili haliogopi. Likikamuliwa kabisa linakunywa kama lita 9 au 10 za dizeli kwa saa, na kazi za kawaida ni pungufu sana ya hapo.

Kuvuta kwa tairi zote nne si anasa hapa. Ukishafunga kijiko, mzigo unahamia mbele na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi. Trekta linalosukuma kwa nyuma tu litakwama na kijiko kimejaa, mahali pakavu kabisa. Hata lenye kuvuta kote linahitaji kitu kizito nyuma, mashine ya kufyeka au boksi la zege, kila kijiko kinapofanya kazi.

Gia au haidroli? Ukitumia kijiko sana, mbele na nyuma mara mia kwa siku, lipia la haidroli, goti la klachi litakushukuru. Ukivuta na kufyeka zaidi, gia ni rahisi kutengeneza na hazipotezi nguvu.

2. Farasi 20 hadi 28

Ukiwa na bustani ya miti, banda la mifugo lenye milango midogo, au chini ya ekari sita bila kulima kwa kina, hili linapanda namba moja. Upana wake ni kama mita 1.2 hadi 1.4, linageuka mahali padogo, na halichimbi mitaro kwenye nyasi. Kasoro yake ni kijiko: mengi ya ukubwa huu huinua kilo 300 hadi 500 tu. Robota la duara la nyasi linaweza kuwa na kilo 250, linaweza kuwa na 450, na hulijui mpaka ulinyanyue. Anayelisha ng'ombe kwa marobota ya duara auruke ukubwa huu.

Pima pia nafasi ya chini ya tumbo la trekta. Mengine yametengenezwa kwa ajili ya kukata nyasi za uwanja, na jiwe la kwanza shambani litakufundisha tofauti.

3. Trekta la zamani la farasi 45 hadi 60, likivuta kwa nyuma tu

Hapa ndipo ilipo thamani kubwa kwa pesa ndogo, ikiwa una fundi unayemwamini. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975 na injini ya Perkins ya silinda tatu yenye farasi kama 45, bado linafanya kazi sehemu nyingi duniani kwa sababu ni la chuma tupu na spea zake hazijakatika. Halina vifaa vya elektroniki vya kukusumbua. Pia halina nguvu mbele, breki zake zinataka kuangaliwa mara kwa mara, na mengi hayakuja na kinga ya kupinduka.

Nenda kulikagua asubuhi, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, mtu amekwisha kuliwasha ili usione linavyoamka likiwa baridi. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, aga uondoke. Likiwaka, fungua kifuniko cha mafuta huku likinguruma. Moshi ukitoka kwa msukumo, ringi zimekwisha. Moshi mweusi wakati wa mzigo mara nyingi ni chujio au nozeli, mambo ya kutengenezeka. Wa bluu usiokoma ni injini inayokula mafuta yake.

Kisha nyanyua kifaa kizito hadi juu, zima injini, na endelea kuzungumza na mwenye mali. Kikishuka ndani ya dakika chache, haidroli inavuja ndani. Shuka nalo mlima ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, uone kama gia inaruka yenyewe. Shika tairi la mbele kwa mikono miwili ulitikise. Washa PTO ikiwa na kifaa, si tupu, maana klachi iliyochoka hujificha mpaka ipate mzigo. Saa zilizoandikwa kwenye mita usizibebe kama ushahidi. Angalia pedali na mpini wa gia: pedali iliyolika hadi kung'aa ikiambatana na mita ya saa 900 ni maelezo tosha.

4. Pawatila, farasi 8 hadi 16

Kwa ekari moja hadi tatu za mboga au mpunga, pawatila, yaani trekta dogo la tairi mbili, inamshinda kila mmoja hapo juu kwa gharama. Silinda moja ya dizeli, spea rahisi, inaingia kwenye majaruba ambako trekta lingezama, na tela lake dogo linasomba mavuno. Inatifua vizuri udongo uliolowa au uliokwisha kuvunjwa, lakini kwenye ardhi kavu ngumu inaruka juu badala ya kuchimba. Na unatembea nyuma yake: kwa rotaveta ya sentimita 60, hekta moja ni zaidi ya kilomita 16 za miguu, bila kuhesabu kugeuka. Mwenye mgongo mbovu asinunue hata kwa punguzo.

5. Farasi 60 hadi 90

Linastahili tu kama utalima kwa wenzako kwa malipo, au una udongo mzito mweusi unaotaka plau ya diski tatu na kuendelea. Vinginevyo vifaa vyake, vingi vya daraja la 2, vitakugharimu karibu kama trekta lenyewe, na kwenye kona za shamba dogo utatumia muda mwingi kugeuka kuliko kufanya kazi.

6. Trekta la bustani la kukalia

Lina usukani na tairi nne, hapo ndipo mfanano unapoishia. Mengi hayana mikono mitatu wala PTO ya nyuma, na sanduku lake la gia halikutengenezwa kwa kuvuta. Kata nalo nyasi za uani.

Kabla ya kulipa

Usitumie pesa yote kwenye trekta. Tenga theluthi moja ya vifaa: mashine ya kufyeka, tela, vyuma vya uzito. Trekta lisilo na vifaa ni gari la polepole lenye gharama.

Chaguo lolote utakalochukua kati ya matrekta matatu ya kwanza, hakikisha lina fremu ya kinga nyuma ya kiti, na mkanda. Uswidi ilianza kuilazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Trekta likiinuka kwa mbele linaweza kumlalia dereva kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi, na sababu ya kawaida ni mnyororo uliofungwa juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini ya kuvutia. Fremu ya kukunja ikunjwe tu unapopita chini ya matawi au mlango mfupi, na ikiwa imekunjwa usifunge mkanda, uweze kuruka. La zamani lisilo na fremu, waulize wauzaji wa spea kama ipo iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Ya kuchomelea mtaani kwa mabomba ya maji haihesabiki.