Mac mini ya M4 au EliteDesk ya mtumba?

Mac mini ya M4, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple yenye chipu ya M4, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 599 huko Marekani, na RAM ya GB 16 na diski ya GB 256. Bei si mbaya, ila ndani ya boksi hukuti kioo, kibodi wala mausi. Vya zamani vinafaa, lakini matundu yake ya USB yote ni USB-C, kwa hiyo adapta nayo itie kwenye hesabu. Kinachowakwaza wanaohama Windows ni diski ya nje: kama ina NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski), Mac itakuonyesha picha zako za harusi lakini haitakubali uongeze hata faili moja.

HP EliteDesk mini ya mtumba, kompyuta ndogo ya Windows, ni bei chee, na ukilegeza skrubu moja ya nyuma unaongeza RAM mwenyewe. RAM ya Mac haiongezeki. Ila prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu, la sivyo Windows 11 haiikubali rasmi.

Kwa kuhariri video ningechukua Mac bila kusita. Kwa barua na risiti, mtumba unatosha. Halafu kitufe cha kuwashia Mac kiko chini kabisa, mpaka uiinue! Aliyekiweka huko alikuwa anawaza nini?