Mchoro halisi wa katuni: cha kununua kwanza, cha kuacha mezani

Siku ya kwanza niliyoingia TCAF, tamasha la katuni la Toronto, miaka hiyo likifanyika ndani ya Toronto Reference Library bila kiingilio, nilitoka na karatasi mbili. Moja ilikuwa picha kubwa ya rangi, yenye sahihi ya mchoraji pembeni kwa kalamu ya fedha. Ya pili ilikuwa ukurasa mweusi na mweupe wenye visanduku sita, mistari ya penseli ambayo ufutio haukuimaliza, na doa la tipeksi pale mkono wa mhusika ulipochorwa ukakataliwa ukachorwa tena. Nyumbani nikaziweka kando kwa kando. Ile ya rangi ilikuwa imetoka kwenye printa, na chini ya meza ya muuzaji kulikuwa na boksi zima la picha kama hiyo. Ule ukurasa ulikuwa mmoja tu duniani. Bei zake hazikupishana sana.

Tangu siku hiyo nimenunua kurasa na michoro kwenye matamasha ya Marekani, Kanada na Uingereza, na kila mwaka jamaa wa nyumbani wananiuliza: ukiwa na dola mia mbili au tatu, uanzie wapi? Hapa nimepanga vitu vinavyouzwa kwenye meza hizo, kuanzia ninachokithamini zaidi. Wafanyabiashara wangevipanga kwa namna nyingine. Mimi napanga kwa ajili ya mtu anayependa katuni na atautazama mchoro huo ukutani miaka ishirini.

1. Ukurasa wa ndani, uliokwishachapishwa

Huu ndio wa kwanza, na sioni cha kuukaribia. Ni karatasi yenyewe ambayo mchoraji aliinamia ili kitabu kipatikane. Kwa katuni za Marekani ni karatasi nzito ya Bristol, inchi 11 kwa 17, na mchoro wenyewe inchi 10 kwa 15; kipimo hicho kimekuwa cha kawaida tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kurasa za kabla ya hapo ni kubwa zaidi, na mtu akikuuzia ukurasa wa 1962 wenye kipimo cha leo, una haki ya kumuuliza maswali.

Inafaa kujua kwa nini kurasa hizi ziko mikononi mwa wachoraji. Zamani mchapishaji alibaki nazo. Nyingine zilitupwa, nyingine ziligawiwa wageni, nyingine ziliibwa ghalani. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo Marvel na DC, kampuni kubwa za katuni za Marekani, zilipoanza kuwarudishia wachoraji kazi zao. Jack Kirby, ambaye mkono wake ulizaa nusu ya mashujaa wanaojaza kumbi za sinema leo, alivutana na Marvel kwa miaka mingi. Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa zipatazo 2,000, kati ya zaidi ya 10,000 alizowachorea. Kwa hiyo ukimpa mchoraji fedha mkononi, mezani kwake, unanunua kwa mwenye mali. Nalitilia uzito jambo hilo, na ndiyo sababu naenda kwenye tamasha badala ya kununua mnadani.

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu.

Kwanza: kilichorwa kwa mkono? Wachoraji wengi sasa wanachora kwenye skrini, na kitabu kinatoka bila karatasi yoyote. Wengine wanachapa nakala moja, wanatia sahihi na kuandika kwamba hawatachapa nyingine. Hiyo ni ahadi, na ahadi ya mtu mwaminifu ina thamani yake, lakini usiilipie bei ya ukurasa wa wino.

Pili: penseli na wino viko kwenye karatasi moja? Katuni nyingi za mashujaa huchorwa na watu wawili, mmoja wa penseli na mwingine wa wino. Zamani karatasi ilisafiri kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Siku hizi wa penseli anaweza kutuma picha kwa intaneti, na wa wino akaichapa kwa mistari ya bluu hafifu na kupitisha wino juu yake. Hapo zipo karatasi mbili za ukurasa uleule, moja kwa kila mmoja. Zote ni kazi halali. Ila ukinunua ya wino huku ukidhani chini yake kuna penseli ya mchoraji unayempenda, umenunua kitu kingine. Inamisha karatasi kwenye mwanga: mistari ya bluu iliyochapwa haina mkwaruzo, penseli halisi inaacha kovu.

Tatu: maneno yako wapi? Kwenye kurasa za zamani maneno yaliandikwa kwa mkono juu ya karatasi, au yakabandikwa kwa gundi ambayo leo imegeuka njano. Tangu kompyuta ilipochukua kazi hiyo, kurasa nyingi hazina neno hata moja. Wapo wanaoona upungufu hapo. Mimi naona mchoro unapumua.

Kuhusu kuchagua, soko linalipa zaidi shujaa akiwa ndani ya mavazi yake, akipigana, uso ukionekana. Kurasa za watu wawili wakizungumza jikoni hubaki kwenye faili hadi jioni ya mwisho, na mara nyingi hizo ndizo zilizochorwa vizuri kuliko zote, kwa sababu hapo mchoraji hakuwa na ngumi ya kujificha nyuma yake. Angalia jicho lako linavyosafiri kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho bila kusoma neno. Ukiielewa hadithi, mchoraji anajua kazi yake. Nunua ukurasa wa kitabu ulichokisoma, kisha tafuta nakala ya kitabu hicho uihifadhi pamoja nao.

Bei? Kwa mchoraji ambaye jina lake bado halijavuma, nimelipa kati ya dola 80 na 250 kwa ukurasa. Kwa majina yanayofahamika, jiandae kwa mamia kadhaa na kuendelea.

Na usifungwe na mashujaa wenye vinyago. Unknown Soldier, iliyotolewa na Vertigo, tawi la DC, kati ya 2008 na 2010, hadithi yake iko kaskazini mwa Uganda. Sehemu kubwa ilichorwa na Alberto Ponticelli wa Italia, na Pat Masioni, Mkongo, alichora baadhi ya matoleo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amefanya kazi miaka mingi na wachapishaji wa Ulaya. Ukiona majina hayo kwenye orodha ya wageni wa tamasha, hiyo ndiyo meza ya kuanzia. Ukurasa wenye barabara za vumbi na mabati unayoyajua, ukiutundika sebuleni, mgeni hahitaji kuelezwa.

2. Rasimu na michoro ya maandalizi

Hii imewekwa ya pili na watu wachache sana, nami sijutii. Kabla ya ukurasa mkubwa, mchoraji huchora kidogo, kwenye karatasi ya kawaida, akipanga visanduku na kutafuta mkao wa mtu. Karatasi hizi mara nyingi ziko kwenye faili la pili, chini ya meza, na usipouliza hutaonyeshwa. Nimezipata kwa dola 20 hadi 60. Nina moja yenye sura ya mama mmoja iliyochorwa mara tano, na ya tano ndiyo iliyoingia kitabuni. Nikitaka kumweleza mpwa wangu kwamba kuchora ni kufikiri, namwonyesha hiyo.

3. Mchoro wa kuagiza

Unamwambia mchoraji unachotaka, anakuchorea. Uzuri wake ni kwamba unapata kitu chako. Udhaifu wake ni kwamba hakikuwahi kuwa na kazi ya kufanya: hakuna hadithi, hakuna ukurasa unaofuata, mara nyingi ni shujaa amesimama kifua mbele. Ukiagiza, mwachie nafasi. Badala ya kumwamuru mkao, rangi na mandhari, mwambie mhusika na hali aliyonayo, kisha mwache. Nilipoomba “baada ya vita, amechoka, anakunywa chai,” nilipata mchoro bora kuliko wote niliowahi kuagiza.

Orodha ya maagizo hufunguliwa mapema, mara nyingine wiki kadhaa kabla ya tamasha, na asubuhi ya kwanza hujaa ndani ya dakika chache. Kwenye matamasha makubwa kama New York Comic Con, lile la Oktoba pale Javits Center, usitegemee kufika mchana ukapata nafasi. Kubalianeni kwa maandishi: bei, ukubwa, wino au rangi, na siku ya kuchukua. Niliwahi kulipa fedha yote kabla, mchoro ukafika baada ya miezi kumi na moja. Sasa nalipa nusu, au nalipa nikipokea.

Uliza pia kimechorwa kwa kitu gani. Rangi za kalamu za maka hupauka kwenye mwanga. Wino mzuri mweusi wa brashi hudumu.

4. Mchoro wa haraka mezani

Uso au kifua, dakika kumi hadi ishirini, dola 40 hadi 100 kwa wengi niliowahi kukaa mbele yao. Unalipia pia kumwona mtu akichora, na hilo peke yake linatosha kunirudisha. Ila ukishakuwa na nyuso kumi za shujaa yuleyule, utatamani ungeweka akiba ukanunua ukurasa mmoja.

Ulaya ya Kifaransa ina desturi tofauti. Angoulême, tamasha lililoanza 1974, na maduka ya Brussels pia, mchoraji hukuchorea ndani ya albamu, yaani kitabu cha katuni, uliyonunua, bila malipo ya ziada. Foleni ni ndefu na wakati mwingine nafasi hupatikana kwa bahati nasibu. Jina lako litaandikwa hapo, na ni vizuri liandikwe. Kuuza mchoro wa namna hiyo wiki inayofuata ni kumkosea mtu aliyekupa zawadi.

5. Jalada tupu

Wachapishaji hutoa matoleo yenye jalada jeupe ili mchoraji alichoree. Karatasi yenyewe haipokei wino vizuri, nafasi ni finyu, na kitabu hakitundikwi kwa urahisi. Nina viwili. Sinunui tena.

6. Majalada halisi na kurasa za picha moja kubwa

Si kwamba havipendezi. Nimeviweka chini kwa sababu ya fedha. Januari 2022 ukurasa wa Mike Zeck kutoka toleo la 8 la Secret Wars ya Marvel, unaohusu vazi jeusi la Spider-Man, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.36. Miaka minane kabla yake, ukurasa wa mwisho wa toleo la 180 la Hulk, uliochorwa na Herb Trimpe na ambako Wolverine alionekana kwa mara ya kwanza, ulifika dola 657,250. Bei za namna hiyo huvuta juu kila kitu chenye shujaa mmoja katikati. Kwenye banda la wauzaji utakuta vitu vizuri kweli, lakini hapo uliza ukurasa umepitia mikono ya nani, na omba risiti yenye maelezo hayo. Muuzaji anayeudhika kuulizwa, mwache na mali yake.

Chapa za printa sikuzipa namba. Kijana anayeuza chapa kwa dola 15 anastahili dola 15 zako. Tatizo ni pale neno “orijino” linapotajwa juu yake. Ikague kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu: ukiona vitone vidogo vya rangi badala ya mstari wa wino, ni chapa, hata kama sahihi ni ya kweli.

Wapenzi wa manga niwaambie mapema: kurasa halisi za Kijapani hazifiki mezani ila kwa nadra sana. Nyingi zinazoonekana ni nakala zilizotengenezwa kwa ustadi.

Na walio nyumbani, msingoje nauli ya ndege. Nairobi kuna NAICCON, tamasha la katuni, na magazeti yetu yamelea vizazi vya wachora vibonzo. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichorea Nation tangu 1992 hadi 2016. Mchoraji wa gazeti aliyefanya kazi kwa kalamu na karatasi ana kabati mahali fulani. Mwendee kwa heshima, mwambie kibonzo unachokikumbuka na mwaka wake, umuulize kama karatasi ipo na kama angependa kuiuza. Bei aitaje yeye.

Kuhusu kupatana bei: mchoro wa haraka usiupunguze hata senti. Kurasa mbili au tatu kwa pamoja, Jumapili alasiri, unaweza kuuliza kwa adabu kama kuna nafuu, na wengi watakubali kwa sababu hawataki kurudi na faili zito. Beba noti. Malipo ya kadi na simu hukwama ukumbini.

Ukishanunua, karatasi iingie kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko wa plastiki usio na asidi. Inchi 11 kwa 17 inalala vizuri kwenye begi la mkononi, kwa hiyo isiingie tumboni mwa ndege. Nyumbani iwekwe mbali na dirisha, nyuma ya kioo kinachozuia mionzi ya jua, na isiguse kioo hicho. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu, basi usiitundike kwenye ukuta wa nje wala karibu na bafu. Nyuma ya fremu mimi hubandika bahasha yenye risiti, tarehe, jina la tamasha na jambo moja alilonieleza mchoraji kuhusu ukurasa ule. Ule wa Toronto umeandikwa: “Mkono wa kushoto alichora mara mbili. Anasema wa kwanza ulikuwa unadanganya.”