Betri ya Lithiamu Nimeilaza Kwenye Friza: Watu wa Makete, Tazameni Hii Kabla ya Kununua

Wadau, mugonile! Niko Uyole, Mbeya, Julai hii baridi mnaijua wenyewe. Wiki tatu mnaniandikia, "fundi, ichambue ile betri ya lithiamu ya sola". Haya, hii hapa mezani. Volti 12, ampea-saa (AH) 100. Nimeinunua kwa hela yangu, laki tisa na nusu, hakuna aliyenipa. Jina nimelifunika kwa selotepu, tuongelee betri tu. Uzito na ukubwa mnaujua, naruka.

Kasha nimeshalifungua. Sogea uone. Seli nne, kila moja volti 3.2, na hapa ndipo nilipofurahi. Upande chanya wa seli hizi umepakwa chuma, lithiamu na fosfeti. Fosfeti ile ile mnayoisikia kwenye mbolea ya kupandia! Fosfeti hiyo inaishika oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo hata betri ikipata moto sana, oksijeni haitoki kirahisi ikachochea mlipuko. Kazi hiyo ilitoka Texas mwaka 1997, kwenye maabara ya mzee John Goodenough, ambaye mwaka 2019 alipata Nobeli akiwa na miaka 97. Mwanzoni unga huo ulikuwa unapitisha umeme vibaya mno. Watafiti wakausaga uwe mdogo sana, kila punje wakaivika kaboni, ukakubali. Mimi jambo hilo linanigusa kila nikifungua seli. Koti jembamba la kaboni ndilo lililotupa betri ya kukaa miaka.

Kibandiko kinasema mizunguko 6,000. Ukichaji mara moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 16. Betri ya maji haifiki huko hata kidogo.

Sasa ngoja. Kuna kitu kimenikera, na ndicho kilichofanya nirekodi leo badala ya Jumamosi.

Jana usiku betri hii nimeilaza kwenye friza ya jirani yangu muuza samaki. Naitoa sasa hivi. Kipimajoto nimekibana kwenye seli ya pili, soma: nyuzi hasi nne. Nachomeka chaja. Angalia mita ya kubana, usiangalie uso wangu. Ampea kumi. Kumi! Ilitakiwa iwe sifuri. Bodi ya ulinzi, ile saketi ya ndani inayolinda seli, ilipaswa kukata, ikae kimya mpaka seli zipate joto. Haijakata. Nasubiri... dakika moja... bado kumi. Nachomoa, siwezi kuendelea kuiumiza. Na wewe usijaribu nyumbani.

Kwa nini nakasirika hivi? Upande hasi wa seli ni grafiti, tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari. Ukichaji, lithiamu inaingia katikati ya kurasa. Kwenye baridi chini ya sifuri inaingia polepole mno. Fikiria Kabwe saa moja asubuhi, abiria wamejaa mlangoni, daladala haiwamezi kwa kasi wanayokuja. Lithiamu iliyokosa nafasi inaganda juu ya grafiti, inakuwa metali. Sehemu yake hairudi tena kazini, na ikiota ncha kama sindano inaweza kutoboa utando unaotenganisha chanya na hasi, seli ikapiga shoti. Kutumia umeme kwenye baridi hakuna shida kubwa. Kuchaji ndiko kunakoua.

Huku Uyole ukiiweka ndani haifiki sifuri. Lakini Kitulo, Makete, jalidi ya Juni na Julai nani asiyeijua? Betri imelala kwenye boksi la bati nje, jua likichomoza paneli zinaanza kusukuma umeme kwenye seli zilizoganda. Asubuhi moja baada ya nyingine. Hiyo 6,000 utaisikia tu.

Mtaniuliza silikoni, ile inayotiwa kwenye betri za simu mpya. Inabeba lithiamu nyingi kuliko grafiti, lakini ikishiba inavimba hadi zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake na kujipasua, ndiyo maana wanaichanganya kidogo kidogo na kaboni. Kwa sola bado. Kuna titaneti badala ya grafiti: hiyo lithiamu haigandi juu yake, inachajiwa kwenye baridi bila wasiwasi. Ila seli ni volti 2.4 tu, nzito kwa umeme ule ule, na bei yake mimi imenishinda mpaka sasa. Nikipata hata seli moja nitailaza friza hii hii mbele yenu.

Nilitaka kuipa nane kwa kumi. Baada ya mita ile, sita. Uyole, Mwanjelwa, Tukuyu, chukua, ikae ndani. Makete na Njombe ya juu, mwambie muuzaji akuonyeshe ikikata chaji kwenye baridi, au tafuta yenye kihita ndani, hata ukiongeza laki mbili.

Jumamosi naifungua inveta ile iliyoungua Mbalizi. Bonyeza kengele. Ndaga fijo!