Pektini ya unga: yenyewe nzuri, pakiti yake bubu

Kabla ya kununua unga huu, jamu yangu ya stroberi ilikuwa imeniaibisha mara mbili. Nachemsha, nakoroga, najaza chupa, kesho yake nafungua nakuta shira. Tamu kweli, lakini ukiipaka kwenye mkate inateremka mpaka kiwiko. Stroberi zina pektini kidogo, ndiyo maana. Pektini ndiyo inayoshikamanisha seli za matunda, na ndiyo inayoigandisha jamu; hii ya pakiti hutolewa zaidi kwenye maganda ya machungwa na malimau, au makapi ya matufaha yaliyokwisha kukamuliwa.

Siku ya kwanza niliumwaga unga moja kwa moja kwenye sufuria inayotokota. Msifanye hivyo. Ulijifunga madonge meupe, nje ute, ndani unga mkavu, na mwiko haukufua dafu. Mara ya pili nikauchanganya kwanza na sukari kavu, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya sukari, nikanyunyiza kidogo kidogo huku nakoroga. Hakikutokea hata kidonge kimoja.

Nikaona nimefuzu, nikapunguza sukari kwa nusu. Ikakataa kuganda kabisa.

Hapo ndipo ugomvi wangu na pakiti ulipoanza. Pektini ziko za namna mbili. Moja huganda tu ikipata sukari nyingi, zaidi ya nusu ya uzito wa jamu nzima, pamoja na ukali wa kutosha; ndiyo maana limau halikosekani. Nyingine huganda kwa kalsiamu, na hiyo ndiyo ya kutafuta ukitaka jamu isiyo tamu sana. Pakiti yangu imeandikwa "pektini" na E440, namba ya viongezwa vya chakula, basi. Namba hiyo ni ya zote mbili! Nimejua ninayo ipi kwa kuharibu kilo nzima ya matunda.

Ukiipa inachotaka, lakini, haina mpinzani. Inakatika vizuri kwa kijiko na haivutiki kama gelatini. Tena gelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo wasiokula nyama hawaigusi, na ukiitia nanasi bichi haigandi. Pektini hata haishtuki kwa nanasi. Ila msiizidishe: chupa moja niliitilia kijiko cha ziada kwa uoga, ikatoka mpira wa kutafuna.

Jambo jingine ambalo pakiti imelinyamazia ni subira. Usiku ule wa jamu ya nne niliiona bado nyepesi, nikarudisha nusu yake jikoni ichemke tena kwa muda mrefu. Nusu nyingine niliiacha kwenye chupa kwa sababu ya usingizi, si kwa busara. Asubuhi ile ya chupa ilikuwa imesimama, ukiinamisha haimwagiki. Niliyoirudisha motoni ilibaki shira, maana moto mrefu huikatakata pektini. Siku hizi naweka kisahani kwenye friza, nadondoshea tone, nalisukuma kwa kidole. Likijikunja ngozi, nazima jiko.

Nyota nne kwa unga, moja kwa pakiti. Nitanunua tena pektini, ila ya mtengenezaji atakayeandika ni ya sukari au ya kalsiamu.