Uzoefu wangu Cuenca, Ekuador: mito minne, na bafu lisilo na maji ya moto

Mji unaopitiwa na mito minne, ulio chini ya milima yenye maziwa zaidi ya 200, na ambao wakazi wake hujivunia kunywa maji ya bombani bila kuyachemsha, haukuwa na sababu ya kuniacha nimesimama bafuni nikitetemeka, povu la sabuni likiwa limejaa kichwani. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba mji ni kitu kimoja na nyumba ya wageni ni kitu kingine, na kwamba Cuenca, huko kusini mwa Ekuador, haihusiki na yaliyonikuta katika nyumba moja karibu na ukingo wa mto Tomebamba ambayo sitaitaja jina. Najua hivyo, lakini hasira haina uangalifu wa kugawa lawama kwa mafungu, na kila ninapotaka kuyasifu yale makuba ya buluu ya kanisa kuu najikuta nimerudi kwenye bafu lile.

Niseme kwanza habari ya baridi, kwa sababu ramani huwapotosha wengi. Cuenca iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, yaani karibu sawa na Arusha, lakini imekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 katika nyumba ambazo kwa kawaida hazina kifaa chochote cha kupasha hewa. Mimi sikupotoshwa, nilifika na sweta nzito na soksi za sufu. Nyumba za mjini kati, zile zenye kuta nene, roshani za mbao na mapaa ya vigae ambazo kwa ajili yake UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, hupendeza sana ukizitazama ukiwa barabarani penye jua. Ukilala ndani yake utagundua kwamba baridi ya usiku huingia ukutani na kukaa humo hadi saa nne asubuhi. Mahali kama hapo maji ya moto ndiyo njia pekee ya mtu kupata joto mwilini kabla ya kujifunika blanketi.

Maji hayo hupashwa na hita ya gesi, sanduku la bati linalotundikwa uani, mara nyingi karibu na karo la kufulia, na kuunganishwa na mtungi wa kilo 15. Halina tangi la kuhifadhia. Ukifungua bomba, msukumo wa maji huamsha hita, betri hutoa cheche, na ndimi za moto huwaka chini ya mrija ambamo maji yanapita. Ukiwa mtu wa kupunguza maji ukidhani yatazidi kuwa moto, msukumo hupungua, moto huzimika, na kinachofuata kukuangukia mgongoni ni maji kama yalivyotoka mlimani. Mgeni yeyote mwenye akili huujua utaratibu huu mapema, tena palikuwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa bafu ikiagiza kwa herufi kubwa kwamba bomba lifunguliwe hadi mwisho. Nililifungua hadi mwisho. Ilikuwa Jumapili jioni katika majira ya mvua, nimerudi kutoka matembezini nimelowa, na katikati ya kuoga maji yakapoa, yakawa vuguvugu, kisha yakawa barafu, na hayakubadilika tena.

Nilivaa nguo juu ya sabuni, nikashuka. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, na juu ya jiko lake ilikuwa inachemka sufuria kubwa ya mahindi, yale meupe yaliyokobolewa ambayo watu wa huko huyaita mote na ambayo huhitaji saa nyingi motoni. Naomba msomaji aikumbuke sufuria hiyo, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nilimweleza kwa adabu, kwa Kihispania ambacho si kizuri lakini kinaeleweka, kwamba maji yamepoa. Akanijibu bila kugeuka kwamba ninapunguza bomba. Nikamwambia sikupunguza. Akasema basi ni betri, akamwita kijana wake, na kijana huyo, ambaye sina neno naye, akabadilisha betri, akajaribu, kisha akaunyanyua mtungi kwa mkono mmoja, jambo ambalo lilitueleza sote watatu kila kitu. Hakukata tamaa: aliulaza mtungi ubavu kama ambavyo watu wetu hufanya gesi ikiwa ukingoni, moto ukawaka muda wa kutosha kunitia matumaini, ukazimika.

Nikauliza kama mtungi wa jikoni usingeweza kuhamishwa kwa dakika kumi tu, nimalize kuoga. Hapo ndipo mama akageuka. Alisema mtungi ule ni wa jikoni. Alisema leo ni Jumapili, na kweli Jumapili Cuenca hufunga maduka yake kwa namna ambayo mtu wa Kariakoo angedhani kumetokea msiba. Alisema lori la gesi litapita kesho. Kisha, kwa ile lahaja ya Cuenca inayosifika nchi nzima kwa kuimba, ambayo huvuta silabi hata karipio likasikika kama utenzi, akaongeza: “Lakini wewe, señor, umetoka Afrika. Kwenu ni joto. Maji ya baridi si umeyazoea?”

Mimi ni mtu wa Njombe. Nimekulia mahali ambapo mwezi wa Juni na Julai mtu huamka akakuta sakitu imelala juu ya majani, na ukipanda kuelekea Makete na Kitulo hali huwa kali zaidi. Kwetu mgeni akiingia nyumbani jioni, hata iwe nyumba isiyo na chumvi, swali la kwanza si chakula bali ni kama kuni zipo za kumchemshia maji, na asubuhi ndoo huwa imeshawekwa mlangoni kwake kabla hajaomba, ikitoa mvuke. Bibi yangu angeepua hata mboga jikoni ili mgeni apate maji. Kwa hiyo aliponiambia vile, huku mahindi yake yakitokota mbele ya macho yangu, kilichoniuma zaidi kuliko ujinga wake juu ya bara zima kilikuwa hesabu aliyoifanya: aliupima mtungi wa jikoni, akanipima na mimi, akaona mahindi yana haki zaidi.

Nilijisuuza kwa maji ya Tomebamba, au ya mto wowote ule kati ya hiyo minne, nikalala. Nikiri kwamba blanketi zilikuwa nzuri, nzito, za sufu, na chumba kilikuwa safi kupita vyumba vingi nilivyolalia kwa bei kubwa zaidi. Kwa haki ya mizani jambo hilo liandikwe. Lakini nywele zangu zilikuwa hazijakauka saa sita usiku.

Siku iliyofuata niliutembea mji kwa moyo mbaya, na sipendekezi mtu autembee hivyo, kwa sababu Cuenca ni mji wa taratibu unaohitaji mtu aliyetulia. Kanisa kuu jipya linaloutazama uwanja wa Calderón, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1885, ni kubwa mno na zuri mno, lakini waongozaji wa wageni husimulia kwamba minara yake ya mbele iliachwa mifupi kwa sababu hesabu za msanifu zilikosea na msingi usingebeba uzito zaidi. Mwenye furaha angeisikia hadithi hiyo akatabasamu. Mimi niliipokea kama ushahidi. Nikashuka hadi kwenye daraja lililovunjika, lile ambalo mafuriko ya mwaka 1950 yalilikata na ambalo matao yake yaliyobaki yanaishia hewani kando ya mto, nikasimama pale nikiutazama mto mzima ukipita bure, maji kwa maji, mchana na usiku. Pumapungo, ambako kuna mabaki ya Tomebamba, mji wa Wainka ambamo inasemekana mfalme wao Huayna Cápac alizaliwa, nilionyeshwa mfereji na mahali pa kuogea palipojengwa kwa mawe, nikajiuliza kama nao waliwahi kuambiwa kwamba lori litapita kesho.

Aliyeanza kunirudishia ubinadamu ni mwanamke anayeuza maua katika kiwanja kidogo kando ya monasteri ya masista Wakarmeli. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliniambia niende nikanunue kinywaji kinachotengenezwa na masista hao kwa maua na majani, ambacho watu wa Cuenca humpa mtu mwenye wasiwasi au mishipa iliyokaza. Masista hao huishi ndani bila kutoka, kwa hiyo humwoni anayekuuzia: unaweka fedha kwenye kabati la mbao linalozunguka ukutani, sauti inakushukuru, kabati linazunguka, chupa imefika. Nilikunywa nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Kama kiliituliza mishipa au la, daktari aseme. Nilichokiona ni kwamba mtu nisiyemwona usoni alinihudumia kwa upole kuliko aliyenilaza nyumbani kwake.

Muuza maua huyohuyo ndiye aliyeniambia habari za Baños, na hapa inanibidi nibadilishe sauti. Baños ni kijiji kilicho kilomita chache tu kusini-magharibi mwa mji, na basi la kawaida la mjini hukufikisha. Huko maji hutoka ardhini yakiwa ya moto yenyewe, moto kiasi kwamba hayaogeki mpaka yapoe kwanza, na watu wameyajengea mabwawa ya viwango mbalimbali, kuanzia ya kuogelea hadi yale ambayo mtu huingia kwa kuchovya kidole kwanza. Niliingia hadi shingoni. Mvua ikaanza kunyesha juu yetu, mzee mmoja karibu nami akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akafikiri kidogo kisha akaniuliza kama nako kuna chemchemi za moto. Nikamwambia Songwe, karibu na Mbeya, zipo, na tukazungumza habari za maji mpaka ngozi za vidole zikajikunja. Hakuniambia nimezoea lolote. Aliniuliza. Nilitoka pale nikiwa tayari kuusamehe mji mzima pamoja na nyumba ile, na jioni hiyo nilikula mote iliyokaangwa na mayai sokoni, mahindi yaleyale, nikayafurahia bila kinyongo. Njiani nilikuwa nimeshayatunga maneno ya kuisifu: kwamba hitilafu hutokea popote, kwamba lori lilifika kweli, kwamba maji ya moto yalirudi na hayakukatika tena hadi nilipoondoka.

Ningeyaandika hivyo, lau mama mwenye nyumba asingeniletea hesabu ya malipo.

Chini ya bei ya chumba tuliyokubaliana, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka, alikuwa ameongeza dola tatu. Ekuador hutumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kubadilisha chochote kichwani ili kuelewa. Nikauliza dola tatu ni za nini. Akasema ni gesi, kwa sababu wageni wengine huoga haraka na mimi ninakaa sana bafuni. Wakati nilipokuwa huko, mtungi mzima wa kilo 15 wa matumizi ya nyumbani, kwa bei iliyowekwa na serikali na kufidiwa nayo, ulikuwa dola 1.60, na hata ukiongeza malipo ya mtu wa kuubeba hadi mlangoni, dola tatu zinakununulia mtungi uliojaa. Yaani nilikuwa nimelipishwa mtungi kamili na yule aliyeninyima mtungi wa jikoni kwa dakika kumi. Nilimwuliza kama mahindi nayo yaliandikiwa hesabu. Kijana wake akainama akijifanya anafunga kamba za viatu. Mama akasema, kwa wimbo uleule, kwamba hakunielewa.

Nililipa. Nilikuwa na basi la kuwahi, na nililipa kwa sarafu za dola, zile za rangi ya dhahabu ambazo Marekani kwenyewe huzioni mikononi mwa watu lakini Ekuador zimejaa kila mfuko, nikiziweka mezani moja baada ya nyingine ili tuzihesabu wote wawili kwa sauti.

Kwa anayeuliza kama aende Cuenca: aende, akae muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi, apande hadi Cajas, ile milima iliyo juu ya mji, ayaone maziwa ambako baadhi ya mito ya mji huanzia, na asiache Baños. Mji nauweka nyota tano bila kusita. Nyumba nilikuwa nimekusudia kuipa moja. Nilipoanza kuandika nikazikumbuka blanketi na yule kijana aliyeulaza mtungi, nikaona mbili ndiyo haki, na kwa muda mrefu katika maandishi haya ilikuwa mbili. Sasa nimefika kwenye zile dola tatu. Moja, na hiyo moja ni ya kijana.