Nilijaza namba ya simu ili nione bei ya gari: rivyu ya tovuti za bei za magari

Wakuu habari zenu. Leo naomba niongelee hizi tovuti za bei za magari za huku Marekani, zile ambazo wenyewe hawauzi gari hata moja, hawana yadi, hawana fundi, kazi yao ni kukuonyesha wenzako wamelinunua gari kama hilo kwa shilingi ngapi, yani dola ngapi, af wanakuunganisha na yadi yenye hilo gari. Nimetumia moja mwaka jana kununua gari la familia, na kabla ya hapo niliuza magari miaka minne kwenye shorumu ambayo ilikuwa inailipa tovuti ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo huu mchezo naujua mbele na nyuma. Majina ya nilizopitia mimi siyataji. Nyota nimewapa mbili na nusu kwa tano, na hiyo nusu nimeitoa kwa roho safi.

Nianze na zuri lao mana lipo. Unachagua modeli, unaweka namba ya posta ya unapoishi, inakuja grafu kama kilima, pale kileleni ndio bei waliyolipa wengi, kushoto kijani ni waliopata bei ya kushukuru Mungu, kulia ni waliopigwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kununua gari jipya ile grafu ni dawa kabisa, mana ukiingia shorumu hujui chochote utazungushwa mpaka usaini mwenyewe ili uende nyumbani kulala. Hapo nawapa heshima yao.

Ila grafu ni ya kuonjesha tu. Ukitaka bei ya gari lenyewe, lile lenye namba yake ya chasi liko yadi fulani, unaambiwa jaza jina, barua pepe na namba ya simu. Nikajaza. Aisee, sijaweka hata simu mezani ikaanza kuita. Nilichagua yadi tatu, wakanipigia sita, na mpaka jioni nina simu kumi na nne ambazo sikupokea na meseji za watu wananiita kwa jina langu la kwanza kama tumesoma wote, mmoja kaandika eti yeye ndiye mshauri wangu binafsi wa magari. Nilicheka peke yangu mana hiyo meseji naijua, nimeituma mimi mwenyewe mara elfu, kwenye shorumu tulikuwa tunaambiwa mteja wa mtandaoni ukikaa dakika tano hujampigia basi huyo keshakuwa wa mwenzio.

Nikaenda yadi na bei yangu nimeiprinti. Bei waliiheshimu, sitasema uongo, ila chini yake ikaota mizizi: ada ya makaratasi, alama ya kuzuia wizi iliyochorwa kwenye vioo, na naitrojeni kwenye matairi. Naitrojeni! Hewa hii ya bure tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Mimi nimeiuza hiyo kitu na uso mkavu, kwa hiyo nilimwangalia yule kijana akaniangalia, nikamwambia mdogo wangu hii toa, akaenda kwa meneja akarudi imetoka. Ada ya makaratasi hawakutoa. Asiyejua angelipa vyote huku ameshika karatasi inayosema amepata bei nzuri.

Na hapo hapo niseme kuhusu bei ya invoisi, mana tovuti zinapenda kuionyesha na watu wanadhani ndio hela yadi iliyomlipa kiwanda. Sio hivyo. Viwanda vingi vinairudishia yadi kiasi fulani gari likishauzwa, mara nyingi kama asilimia 2 au 3, wenyewe wanaita holdibeki, na juu yake kuna bonasi za kufikisha idadi ya mwezi. Kwa hiyo ukiambiwa tunakuuzia chini ya invoisi tunapata hasara, mpe pole lakini usilie naye.

Sasa nihamie upande wa pili wa kaunta, mana huku ndiko watu wengi hawakujui na ndiko kulikonifanya nikate zile nyota.

Shorumu ina mfumo wa kompyuta ambao kila kitu kinapita humo, mauzo, mikopo, gereji, spea, na humo mteja yuko mzima mzima: jina, anwani, simu, gari alilonunua, kalinunua bei gani, lini, kakopa wapi. Ile tovuti ili iilipishe yadi inabidi ijue nani kati ya watu iliowaleta kanunua kweli, kwa hiyo inaomba ichote mauzo kutoka kwenye mfumo. Yadi yetu ilikubali, vigezo na masharti kurasa sijui ngapi, bosi kasaini. Kila usiku kompyuta yao inachota, inalinganisha na orodha yao ya majina, wakipata linalofanana bili inakuja.

Kuna mzee mmoja mteja wetu, gari lake la tatu kwetu, mtu akija tunajua kahawa yake anakunywaje. Akaja kununua la nne, hakutumwa na mtandao wowote, alikuja kubadilisha oili akaliona limepakiwa pale mbele akalipenda. Mwisho wa mwezi kwenye bili ya ile tovuti na yeye yumo. Meneja akawaka, akapiga simu, kumbe binti yake wiki tatu nyuma alikuwa anaangalia bei tu nyumbani na kwenye fomu akaweka namba ya baba. Basi, mzee wa miaka yote ile akahesabika kaletwa na tovuti na yadi ikalipishwa. Walibishana wiki mbili wakarudishiwa nusu. Meneja alisema neno moja sijalisahau, alisema hawa tunawapa daftari letu wenyewe wanatusomea af wanatulipisha kwa kusoma.

Na si hilo tu. Ile grafu niliyoisifia hapo juu mnadhani inatoka wapi? Sehemu yake ni hayo hayo mauzo yaliyochotwa kwenye yadi. Yani yadi inauza gari, rekodi inaenda, kesho rekodi hiyo inageuka rangi ya kijani kwenye simu ya mteja mwingine anayekuja kumwambia muuzaji mbona jirani yangu alilipa pungufu. Kama mnunuzi nafurahi, ila nilipokuwa nauza kwa kamisheni niliona kama nachimba shimo kwa koleo langu mwenyewe.

Haya malalamiko ya wenye yadi sio ya juzi. TrueCar, mojawapo ya hizi tovuti, ndio iliyochokoza nyuki, mwishoni mwa 2011 wenye yadi walikuja juu kwamba matangazo yake yanawashindanisha kushusha bei mpaka faida iishe, Honda ya Marekani nayo ikaziambia yadi zake kwamba atakayetangaza gari jipya chini ya invoisi kwenye tovuti za namna hiyo asahau hela ya matangazo kutoka kiwandani. Wasimamizi wa majimbo nao wakaanza kuuliza kama biashara yenyewe inaendana na sheria, na mwanzoni mwa 2012 kampuni ikabidi ibadilishe inavyofanya kazi. Mwaka 2015 chama cha wauza magari mapya cha California kikaipeleka mahakamani kikidai inafanya udalali wa magari bila leseni. Hilo neno dalali ndilo lenyewe hasa, mana dalali hana mali, ana maneno na namba za watu.

Mwaka huo huo, Julai, AutoNation, ambayo ndio ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za yadi Marekani, ikajitoa TrueCar. Sababu waliyoitoa ilikuwa data, walisema wanatakiwa kutoa taarifa za mauzo yao yote, hata za wateja ambao hawakupitia tovuti kabisa. Nilikuwa sijaanza hata kazi ya magari kipindi hicho, lakini nilipokuja kuisoma baadae nikamkumbuka yule mzee wa gari la nne.

Wenye yadi wanaongezea na hofu ya sheria, na hapa siwaoni kama wanatafuta huruma. FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, inazihesabu yadi kama taasisi za fedha kwa sababu zinapanga mikopo, na toka tarehe 9 Juni 2023 masharti ya kulinda taarifa za wateja yamekazwa, yadi inatakiwa iwafuatilie mpaka wale inaowapa hizo taarifa. Sasa muulize meneja wa yadi ndogo anajua kompyuta ya nani imechota nini jana usiku? Kwetu hakuna aliyekuwa anajua, kulikuwa na makampuni matano au sita yamepewa nywila miaka hiyo na mengine mkataba ulishaisha. Af Juni 2024 mfumo wenyewe wa yadi ndio ukavamiwa na wadukuzi, ule wa kampuni ya CDK Global, ikabidi uzimwe, yadi kama 15,000 za Marekani na Kanada zikawa zinaandika mauzo kwa kalamu. Rafiki yangu bado yuko kwenye hiyo kazi, anasema walikaa siku kadhaa wanatafuta fomu za karatasi stoo.

Lakini na mimi nisiwe wakili wa wenye yadi. Wakisema wanalinda data ya mteja, sawa, ila wakati nipo pale hakuna siku mtu aliuliza mzee mwenyewe anaonaje namba yake kuzunguka. Walichogombania na ile tovuti ni nani mwenye mteja. Mteja mwenyewe wala hakuitwa kwenye kikao.

Kwa hiyo nazitumiaje sasa? Grafu naangalia, hiyo ni bure. Fomu naweka barua pepe niliyofungua kwa ajili hiyo tu na namba ya pili ya kwenye intaneti. Yadi naomba kwa maandishi bei ya mwisho kabisa ya kutoka getini, kila ada ikiwa ndani, kabla sijawasha gari kwenda huko. Na ukinunua uliza kama jina lako linatumwa kokote, uone uso wa meneja unavyobadilika.

Baada ya kununua niliiandikia ile tovuti ifute taarifa zangu. Wakajibu ndani ya wiki, wamefuta, wana adabu kweli, ila mwishoni wakasema yadi ambazo zilishapewa namba yangu niziandikie mwenyewe moja moja. Nimeandika sita. Mbili zimejibu zimefuta, moja imejibu kwa kunitumia ofa ya gari jipya, tatu kimya.